Kamukunji kama Utanzu wa Fasihi Simulizi: Usemi wa Wanafunzi na Masikio ya Wahakiki

Yamekwisha kusemwa mengi kuhusu ngano, methali, vitendawili na nyimbo za watu wetu, na mengi ya hayo yamesemwa vizuri. Makala haya yanakusudia kuuliza kwa nini wahakiki wa fasihi ya Kiswahili nchini Kenya wamepita kando ya utanzu mmoja unaotendwa chini ya madirisha yao: mkutano wa hadhara wa wanafunzi wa chuo kikuu, ambao wenyewe wanauita kamukunji. Dai letu ni kwamba kamukunji ni utanzu kamili wa fasihi simulizi, wenye fanani, hadhira, kaida na historia yake. Aidha tunadai kwamba kushindwa kwetu kuusoma kama fasihi kumewagharimu watu, wala si katika nadharia tu. Mwandishi wa makala haya ameshiriki katika kosa hilo, kama itakavyoonekana hapa chini.

Kwanza jina. Kamukunji ni uwanja ulioko upande wa mashariki wa Nairobi, karibu na Pumwani na Shauri Moyo, uliopata sifa kwa mikutano ya kisiasa tangu zama za kupigania uhuru. Ndiko ulikokusudiwa kufanyika mkutano wa tarehe 7 Julai 1990, Saba Saba, uliopigwa marufuku na serikali na kuzimwa na polisi. Wanafunzi wamelitwaa jina la mahali wakalifanya jina la tendo. Mtu husema 'leo kuna kamukunji', na ikifika jioni watu hukusanyika Great Court, au mbele ya bweni, mbali kabisa na uwanja wenyewe. Mwanaisimu ataliona hili kuwa jambo dogo la upanuzi wa maana. Walakini yafaa azingatie pia kwamba Wabunge nao wameliazima neno hilo hilo, nao huitwa na Spika kwenye 'kamukunji' wanapotaka kuzungumza nje ya kikao rasmi. Hivyo neno lililotoka katika uwanja wazi limekuja kuwa na maana mbili zinazovutana: kwa mwanafunzi ni kusema mbele ya kila mtu, na kwa mheshimiwa ni kusema mlango ukiwa umefungwa.

Je, ni utanzu? Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, katika kitabu chao cha 1976 juu ya fasihi na sanaa za maonyesho, walikwisha kutuonya tusitenge maneno na tendo lake. Naye M. M. Mulokozi, katika makala yake mashuhuri ya 1989 juu ya tanzu za fasihi simulizi, aliweka kundi zima la mazungumzo, na ndani yake akaiweka hotuba. Alisisitiza kwamba fasihi simulizi ni tukio, na tukio halikamiliki bila ya fanani, hadhira, mahali na wakati. Kwa vigezo hivyo, kamukunji haihitaji utetezi. Hata hivyo sioni kuwa yatosha kuitia katika kikapu cha hotuba. Hotuba ina msemaji mmoja na wasikilizaji wengi. Kamukunji ina mabadilishano ya zamu ambayo hotuba haina, na katika hilo inafanana zaidi na malumbano.

Tuitazame inavyotendwa. Hufunguliwa kwa wito, si kwa salamu. Anayesimama, aghalabu juu ya meza au ukuta mfupi, huita 'Makomredi!' na umati hujibu 'Pawa!' Wito huu hurudiwa, nao si pambo. Itikio la kwanza huwa hafifu kwa kuwa watu bado wanafika. La pili humwonyesha msemaji ukubwa wa hadhira yake. La tatu humpa ruhusa ya kusema. Asiyepata itikio la tatu hushuka. Nimewaona watu wenye vyeo katika chama cha wanafunzi wakishushwa hivyo, bila ya tusi wala jiwe, kwa ukimya tu. Hadhira yetu ya ngano huwa na uwezo wa kuitikia, lakini mara chache huwa na uwezo wa kumnyima fanani jukwaa. Hapa uwezo huo ndio msingi wa sanaa.

Baada ya wito huja hoja, na hapo ndipo mgawanyo wa lugha unapodhihirika. Tarakimu, vifungu vya sheria na majina ya kamati husemwa kwa Kiingereza. Dhihaka husemwa kwa Sheng. Lakini uamuzi, yaani lile swali ambalo umati mzima unatakiwa kulijibu, huulizwa kwa Kiswahili karibu kila mara, na kwa Kiswahili kilichonyooka: 'Tutakubali?' 'Tutanyamaza?' Isimujamii yetu imezoea kueleza uchanganyaji wa ndimi kama dalili ya upungufu, au, kwa wale walio wapole zaidi, kama kitambulisho cha vijana wa mjini. Maelezo hayo hayatoshi. Msemaji wa kamukunji huchagua lugha kulingana na kazi, kama fundi wa samani wa pale Ngong Road achaguavyo randa au tupa. Anapotaka kuonyesha kwamba anajua, husema Kiingereza. Anapotaka kufunga agano, husema Kiswahili. Kwa mtu aliyepewa mshahara afundishe lugha hii, hilo ni jambo la kufikiriwa: katika mahali ambapo hakuna mtihani wala alama, Kiswahili ndicho kilichopewa kazi nzito zaidi.

Sasa historia, nayo ina kejeli yake. Mwaka 1968, katika Chuo Kikuu cha Nairobi ambacho wakati huo kilikuwa bado chuo kishiriki, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor Anyumba waliandika waraka wao wa kutaka idara ya Kiingereza ivunjwe, na fasihi ya Kiafrika, pamoja na ile ya mdomo, iwe kitovu cha masomo. Waraka huo tunausifu kila mwaka katika mihadhara yetu ya kwanza. Ni nadra kutaja kilichotokea miezi michache baadaye. Januari 1969 serikali ilimzuia Oginga Odinga asihutubie wanafunzi chuoni hapo, wanafunzi wakasusia masomo, chuo kikafungwa, na Ngũgĩ akajiuzulu kwa kupinga uvunjwaji wa uhuru wa kitaaluma. Kwa hiyo chuo kile kile kilichokuwa kikijiandaa kuheshimu neno la mdomo kilifungwa kwa ajili ya neno la mdomo. Baadaye wanafunzi wetu walitumwa vijijini na vinasa sauti kumsikiliza bibi akisimulia juu ya fisi na sungura, kazi njema, na mimi pia nimeifanya. Wakirudi chuoni wakaitisha kamukunji, lililokuja kusikiliza lilikuwa gari la polisi.

Machi mwaka huo huo wa 1969, Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa aliyekuwa na umri wa miaka 22, alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu kwa uchochezi kwa sababu ya kijikaratasi chake *Kenya: Twendapi?* Mashairi aliyoyatunga gerezani yalitoka mwaka 1973 kwa jina la *Sauti ya Dhiki*, na mwaka uliofuata yakapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, Rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi. Mambo haya mawili, marufuku ya Odinga na kifungo cha Abdilatif, hutenganishwa katika vitabu vyetu kwa kuwa moja ni 'siasa ya chuo' na jingine ni 'fasihi'. Yametengana kwa wiki chache tu. Yote mawili yalihusu swali moja, la nani aruhusiwe kusema, na mbele ya nani. Na ni ajabu kwamba mwandishi wa karatasi ile, ambaye hakuwa mwanafunzi wa chuo chochote, alipotoka gerezani alipata kazi ya uchunguzi wa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Nataka nikae kidogo juu ya neno 'uchochezi', maana ni neno la uhakiki kabla halijawa la sheria. Kumtia mtu hatiani kwa maneno yake ni kufanya tafsiri: hakimu husema kwamba maneno haya, yakisomwa na watu hawa, yataleta tendo fulani. Ni nadharia ya hadhira. Nchini Kenya sheria ya uchochezi ilifutwa mwaka 1997, lakini namna ile ya kusoma haikufutwa pamoja nayo. Mimi niliikuta katika chumba cha mikutano chenye chai na mandazi.

Chuo sikitaji. Nilikuwa nimerejea kutoka London, nilikosoma shahada ya uzamili katika isimu, nami nilikuwa na imani kubwa na usahihi. Niliitwa na kamati ya nidhamu niwasaidie kutafsiri kwa Kiingereza maneno yaliyonaswa kwa simu katika kamukunji moja kuhusu karo na maji ya mabwenini. Mwanafunzi mmoja alikuwa amesema kwamba moto utawaka, na kwamba mwenye nyasi aondoe nyasi zake. Nilitafsiri neno kwa neno. Niliulizwa kama 'moto' ni moto. Nikajibu kwamba kwa maana ya kamusi, ndiyo. Nilijua, kama ajuavyo kila msomaji wa jarida hili, kwamba moto katika usemi wetu ni ugomvi, ni hasira, ni bidii, ni mapenzi, na kwamba methali yenyewe ya moto kuzaa jivu haimhusu mzima moto. Lakini sikuulizwa hayo, nami nikaona si kazi ya mtaalamu kujibu asichoulizwa. Mwanafunzi alisimamishwa masomo kwa mwaka mmoja. Alipotoka nje alinikuta ukumbini akaniambia, bila ya hasira, 'Asante, Mwalimu.' Sijapata kujua alikusudia nini kwa neno hilo la kwanza.

Labda msomaji atasema kuwa hilo ni kosa la mfasiri mmoja mwoga. Ni kweli, lakini si kweli yote. Tafsiri yangu ilikuwa sahihi kwa namna tuliyofundishwa na tunayofundisha. Tumejenga uhakiki ambao unatambua sitiari pale tu inapokuja imevaa vina na mizani. Laiti kijana yule angaliyatia maneno yake katika mizani ya shairi la tarbia, ningaliandika kurasa kumi juu ya taswira ya moto, na kamati ingalinisikiliza kwa heshima. Kwa kuwa alisema juu ya meza, kwa sauti iliyokauka, maneno yake yalikuwa 'taarifa'.

Hapa yafaa tutofautishe mikondo miwili ya usemi wa upinzani katika Kiswahili. Mkondo wa kwanza ni wa fumbo. Muyaka bin Haji, katika Mombasa ya mwanzoni mwa karne ya 19, aliishi katika siasa kali baina ya Wamazrui na Seyyid Said, na utungo wake ulikuwa silaha ambayo ilihitaji mtu ajuaye hali ili apate kukatwa nayo. Fumbo humlinda msemaji, na pia humbagua msikilizaji. Mkondo wa pili ni wa uwazi, nao ndio wa kamukunji. Wahakiki wetu wamezoea kuuthamini wa kwanza na kuudharau wa pili kama kelele. Lakini usemi wa wazi una ugumu wake wa kisanaa: msemaji hana ngome ya kujifichia, na hadhira iko mbele yake, si wasomaji wa kesho. Alamin Mazrui, mhadhiri katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Kenyatta, katika tamthilia yake ya *Kilio cha Haki* ya 1981 alijaribu kuuingiza uwazi huo jukwaani kwa kumweka Lanina, mwanamke kiongozi wa wafanyakazi, mbele ya mwenye shamba. Mwaka uliofuata alitiwa kizuizini bila ya mashtaka. Mimi naona kwamba tamthilia hiyo ina usanifu bora zaidi pale Lanina anapowahutubia wenzake kuliko pale anapobishana na bepari, kwa sababu ndipo mtunzi anapoisikia hadhira ya kweli.

Mwaka huo wa 1982 unajulikana. Baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Titus Adungosi, mwenyekiti wa chama cha wanafunzi, alihukumiwa kifungo cha miaka 10, akafia gerezani mwaka 1988.

Tusidhani kwamba jambo hili ni la Kenya pekee, wala kwamba Ujamaa uliwapa wanafunzi uhuru ambao ubepari uliwanyima. Pale Dar es Salaam, wanafunzi wa mrengo wa kimapinduzi waliokuwa wakitoa jarida la *Cheche* walipigwa marufuku mwaka 1970, wao na jarida lao. (Jarida hilo lilikuwa na jina la Kiswahili na maandishi ya Kiingereza, jambo ambalo wahakiki wa lugha hawajalizungumza vya kutosha.) Mwaka 1971 Symonds Akivaga, Mkenya aliyekuwa kiongozi wa wanafunzi huko, alifukuzwa chuoni baada ya kumwandikia mkuu wa chuo barua ya wazi. Tazama kwamba katika Dar ya wakati huo silaha ilikuwa karatasi, na Nairobi ilikuwa zaidi sauti. Kwa nini ilikuwa hivyo ni mada inayostahili tasnifu nzima.

Haitakuwa haki kuisifu kamukunji bila ya kutaja maovu yake. Kuna kamukunji zilizoishia kwa mawe kurushiwa magari ya watu wasiokuwa na hatia katika Uhuru Highway. Kuna wasemaji walionunuliwa na wanasiasa, na kuna hadhira zilizonunuliwa pia. Zaidi ya yote, ni utanzu ambao umewanyima wanawake nafasi: msichana akipanda mezani, wito wake hujibiwa kwa miluzi, na akistahimili hadi itikio la tatu huwa amefanya kazi mara mbili ya mwenzake wa kiume. Wachache wanaofaulu hubuni mtindo wao. Mmoja niliyemsikia aliacha wito kabisa, akaanza kusema kwa sauti ya chini, hata wenye miluzi wakalazimika kunyamaza ili wasikie. Hiyo ni mbinu ya fanani mkubwa. Mhakiki anayeyajua mambo haya anaweza kutenga kamukunji nzuri na mbovu. Asiyeyajua huachia kazi hiyo mkuu wa usalama wa chuo.

Katiba ya 2010, katika Ibara ya 33, inalinda uhuru wa kujieleza na inataja uhuru wa kitaaluma waziwazi; Ibara ya 37 inalinda haki ya kukusanyika na kuandamana. Mtu angetarajia kwamba utanzu huu ungestawi. Badala yake, marekebisho ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2016 yaliondoa uchaguzi wa moja kwa moja wa viongozi wa wanafunzi, yakaweka wajumbe: wanafunzi huchagua wajumbe, na wajumbe ndio wachaguao viongozi. Sababu zilizotolewa, za fujo na fedha, hazikuwa za kubuni. Lakini tazama ilivyoathiri usemi. Mgombea anayehitaji kura za wajumbe wachache hana haja ya meza wala itikio la tatu. Anahitaji chumba, soda, na maneno ya kunong'ona. Hadhira ikiondolewa, fani huanguka. Hilo tunalifundisha mwaka wa kwanza.

Juni 2024 nilikuwa nimesimama Dagoretti Corner, pale Naivasha Road inapokutana na Ngong Road, nikingoja matatu ya kwenda mjini. Vijana walikuwa wakipita kwa miguu, wengine na mabegi ya vitabu, wakielekea mjini kuupinga Mswada wa Fedha. Walipofika kwenye makutano mmoja wao akapanda juu ya kitanda kisichomaliziwa cha fundi wa samani, akaita. Itikio la kwanza lilikuwa hafifu. La pili liliwaingiza makanga na mama wauza mahindi. La tatu nalo nililisikia hadi kifuani. (Nilipokuwa London niliwahi kwenda Jumapili moja kusikiliza wasemaji wa Hyde Park, wana kona yao na uhuru mtimilifu, na waliowazunguka walikuwa watalii wanaopiga picha.) Sidai kwamba sheria ya 2016 ndiyo iliyoisukuma kamukunji kutoka chuoni hadi barabarani, maandamano yale yalikuwa na sababu zake nyingi, na wengi wa walioandamana hawakuwahi kuingia chuo kikuu. Ninachosema ni kwamba kaida zilikuwa zile zile, na kwamba walioendelea na safari walizikuta mwisho wake risasi, tarehe 25 Juni, mbele ya Bunge. Mswada ulirudishwa kesho yake.

Kazi iliyobaki ni ya kukusanya, na hapa ndipo ninapokwama. Ninazo rekodi saba za kamukunji, baadhi zangu na baadhi nilizopewa na wanafunzi. Kaida ya taaluma yetu inataka matini ihifadhiwe maktabani pamoja na jina la fanani, mahali, na tarehe, ili wengine waje kuikagua. Ningefanya hivyo kwa ngano bila ya kufikiri. Kwa kamukunji, rekodi inayomwezesha mhakiki kuchunguza takriri na vidokezi ndiyo hiyo hiyo inayoiwezesha kamati kumtambua msemaji. Nimependekeza kwa idara kwamba zihifadhiwe kwa miaka 20 kabla ya kufunguliwa. Pendekezo hilo lingali mezani. Kwa sasa ninazo nyumbani. Majina nimekwisha kuyafuta, na tarehe pia. Sauti zimebaki, na aliyewahi kukaa darasani na wenye sauti hizo atazijua zote.